Mtupeni, Mtoto wa Jaani

Maganda ya korosho yakiungua hutoa moshi mzito unaokwangua koo na kung'ang'ania nguo hata uzifue mara tatu. Msimu ule, nikiwa darasa la nne, kijiji chetu karibu na Mtama kilinuka moshi huo tangu asubuhi, na mimi nilikuwa bado naitwa Mtupeni. Ndiyo, Mtupeni. Cheka ukipenda, kisha unisikilize. Kabla yangu mama alizika watoto watatu, hakuna aliyefikisha siku arobaini. Nilipozaliwa mimi, bibi alinibeba kwenye ungo hadi jaani, akanilaza juu ya majivu na maganda, akapaza sauti: "Mtupeni huyu, hana faida!" Jirani yetu, Bi Somoe, aliyekuwa amejibanza pembeni, akaniokota na kumpelekea mama, eti amsaidie kulea mtoto wa kuokota. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa mama, kisimkute. Kikute kitu cha jaani tu. Kwetu hata watoto walilijua hilo. Anayeitwa Mtupeni ni mtoto aliyetamaniwa mpaka watu wakaogopa kusema.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na msimu ule mdogo wake, karani wa ofisi moja Lindi mjini, akaja kunichukua nikasome huko. Baba mdogo amekwisha kufa, na watu husema marehemu hasemwi. Mimi namsema. Alikaa kibarazani kwetu na viatu vyake vya kung'aa, akakataa hata maji ya kunywa. "Shemeji, jina hili ni aibu. Nitamwandikishaje shule mtoto anayeitwa takataka? Jina jema hung'aa gizani." Mama alikuwa akibangua korosho, hakuinua uso. "Shemeji, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, si umwitavyo. Na jina hilo halibadilishwi mpaka aliyemwokota aseme." Baba mdogo akacheka. "Sheria haimjui Bi Somoe!" Loo, jinsi alivyocheka! Lakini shule ilikuwa mkononi mwake na mama hakuwa na njia nyingine, basi akakubali.

Tukaenda kwa wakili mjini. Hati ya kiapo ilikuwa tayari mezani, imechapwa kwa Kiingereza. Mama hajui kusoma, lakini si mjinga. Aliuliza, "Imeandikwa nini?" Baba mdogo akajibu kwamba imeandikwa mtoto sasa anaitwa Neema, basi. Mama hakutosheka. Akanigeukia mimi: "Wewe si unasoma? Nisomee." Nikaitazama ile karatasi. Sikuelewa hata mstari mmoja, na niliona haya kukiri mbele ya wakili na baba mdogo kwamba msomi wa mama hajui. Nikasema, "Ndivyo ilivyo, mama." Akaniamini. Dole gumba lake lilikuwa limebabuka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho, wakalikandamiza mara mbili ndipo alama ikatoka. Nikarudi nyumbani nikiwa Neema, na wiki nzima niliogopa kulala nikidhani kifo sasa kimenijua.

Mwaka jana nilihitaji nakala ya hati ile kwa ajili ya pasipoti. Nikaisoma nimesimama pale pale kwenye dirisha la ofisi. Imeandikwa kwamba mama yangu anaapa alinipa jina lile kwa sababu hakunitaka, na kwamba sasa anajutia ukatili wake. Ukatili! Mwanamke aliyezika watatu! Asiyejua maana haambiwi maana, lakini baba mdogo maana aliijua, alizaliwa kijiji kile kile. Alimwapisha shemeji yake uongo juu ya mwanawe ili ofisi ya usajili waone sababu nzito ya kubadili jina. Nina hasira naye, nina hasira na wakili yule, na zaidi ya wote nina hasira na yule msichana wa darasa la nne aliyesema ndivyo ilivyo.

Siku hizi mama anaishi kwangu Mitwero. Zahanati iko karibu, wajukuu zake wote wako hai, alhamdulillahi, na hakuna anayebebwa kwenye ungo. Majina watu wanayaokota kwenye simu. Nilimtafsiria ile hati neno kwa neno. Akauliza, "Mimi? Sikumtaka nani?"

Wiki iliyopita tulikwenda kwa wakili mwingine kulirudisha jina langu. Kijana mstaarabu, kamwamkia mama shikamoo, kaandika kiapo kwa Kiswahili, kasogeza kidau cha wino. "Weka dole hapa, bibi." Mama akakunja ngumi, dole gumba likiwa ndani. "Nisomee, Mtupeni." Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma mara nne, kidole changu kikifuata kila neno, wakili akitazama saa, na mama bado hajakunjua ngumi.