Siku Nilipoosha Stuli za Kitaliano

Miaka mitatu nilimtunza bibi mmoja Mzungu huko ughaibuni, mjini Lakeville, nikitoka kwangu Columbia Heights alfajiri. Sebuleni alikuwa na stuli mbili za kale kutoka Italia, zimechorwa maua, miguu imepakwa maji ya dhahabu. Mwanzoni aliniambia ni za kutazamwa. Nikacheka kimoyomoyo: kiti cha kutazamwa! Lakini aliponiona nikipiga magoti kila asubuhi kumvisha soksi, akasema, "Vuta stuli ukae. Wewe si mgeni hapa." Nikamwamini. Mjinga mimi.

Alifariki asubuhi moja, mkono wake mkononi mwangu. Mwanawe aliye mbali alipopigiwa simu, alisema angefika kesho yake. Mwili ukachukuliwa, nami nikabaki na ufunguo. Kwetu mtu akifa, nyumba hupigwa deki na viti hufutwa, watu wa matanga wasije wakakuta vumbi. Nikainjika chai sufuria nzima. Nikachukua kitambaa, maji moto na sabuni, nikasugua kila kiti, hata zile stuli, nikilia huku nasugua. Nilipokikamua kitambaa, maji yalimetameta. Kutazama miguu ya stuli, dhahabu imetoka, umebaki wekundu kama wa udongo.

Nikangoja watu. Hakuja jirani, hakuja mtu wa kanisa. Ile chai niliimwaga.

Mwanawe alikuja kesho yake pamoja na fundi wa kukadiria bei za vitu vya kale. Kabla hajauliza mama yake alikata roho vipi, aliuliza nani kagusa stuli. Nikaomba msamaha, nikamweleza kuwa nilizisafisha kwa ajili ya waombolezaji.

"Waombolezaji gani?" akauliza, na nikaona kweli hajui ninasema nini.

Hasira zilinipanda. Kwa zile stuli nilikuwa na kosa, na nilitubu mara mbili mbele yake. Kwa kuandaa matanga sitatubu, hata leo. Nilimeza yote, maana mgomvi hakaribishwi msibani, nami nilitaka kitu kimoja tu. Nikamuuliza, "Mazishi ni lini?"

"Ni ya familia tu," akajibu, akanyoosha kiganja nimpe ufunguo.

Nikampa. Mpaka leo sijui bibi yule alizikwa wapi.