Bomba Lililobaki Chini ya Pikapu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Kitale, formani alinipa kipande cha bomba la mpira badala ya spana. "Weka upande mmoja kwa sikio, ule mwingine kwa injini. Ukisikia fyuuu, hapo ndio kuna shida." Alikuwa mkali kama pilipili, nami nilimwogopa kuliko baba yangu.

Baadaye nilihamia Bungoma, chini ya msimamizi aliyependa kazi ya haraka. Pikapu nyingi za fowili, zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zilikuwa na habu, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, za kujifunga zenyewe kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa itokayo kwenye pampu ya injini. Matope yetu yaliziua upesi. Wenye magari wakaweka habu za kufungwa kwa mkono, na yale mabomba membamba ya vakyumu yakabaki yakining'inia. Mafundi wa njiani waliyaziba huku chini gurudumuni kwa kijiti kilichoviringwa blada, ule mpira wa ndani ya tairi, basi.

Wafula, dereva wa kwaya ya kanisa, akatuletea pikapu moja ya namna hiyo. "Breki inakuwa ngumu, halafu inarudi sawa."

Msimamizi aliijaribu uani, akacheka. "Hii ni nzima. Wewe ni mwoga tu. Kesho peleka watu wako."

Sikuridhika hata kidogo. Nikamwambia Wafula twende kwanza sisi wawili, barabara ya Lwakhakha.

Kwenye mteremko wenye utelezi akaweka fowili. Akakanyaga breki.

"Mzee, imegoma! Imekuwa jiwe!"

Chini yetu akina mama walikuwa wakivuka na ndizi vichwani. Ndipo nikaelewa: ukiweka fowili, vakyumu hufunguliwa kwenda lile bomba la zamani. Kama limetoboka, hewa huingia, na breki, ambazo hutegemea pampu hiyo hiyo, hukosa nguvu.

"Toa fowili!"

"Ati nitoe? Si tutateleza, bana!"

"Toa, Wafula! Toa!"

Akatoa. Gari liliyumba, akina mama wakatupa ndizi wakakimbia, kisha pedali ikalainika, tukasimama.

Tuliweka mawe magurudumuni, Wafula akarudisha fowili, nami nikaingia chini na mpira sikioni. Fyuuu. Kijiti kilikuwa kizima. Bomba ndilo lililoungua, juu karibu na ekzosi ya moshi. Nikaling'oa lote, nikaziba pale pale pampuni. Vijana, mfereji hufungwa mtoni, haufungwi shambani.

Sasa nimestaafu, naishi Kanduyi. Wafula bado anabeba kwaya. Tukikutana sokoni, kabla ya salamu, hukanyaga ardhi kwa mguu wa kulia kama pedali na kunitazama hadi niitikie kwa kichwa. Watu hudhani ni mzaha wetu. Hatujawahi kucheka.