Kikao cha ukoo kilivyompa dada yangu mwalimu bastola

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo sijaja kuwanywesha chai ya stori za kutunga. Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mtu wa nyuzi za mpira, nachangia mistari miwili napita zangu. Hili nimekaa nalo wiki mbili, nikaona bora nilitue kwa watu wasionijua sura. Kila kitu kilitokea kama ninavyokiandika, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kuna uzi humu mnabishana kama walimu wapewe silaha mashuleni, kama wanavyoruhusu baadhi ya majimbo kule Marekani. Kurasa na kurasa. Wengi wenu mnasema wapewe, tena haraka.

Siwalaumu. Mimi nilisema hivyo hivyo, na neno langu lilikuwa na uzito kuliko likes zenu.

Twende.

Niko Toronto mwaka wa nane. Bongo nilikuwa mwalimu wa hesabu, Singida. Huku ni mtunza jengo kwenye shule moja ya msingi Scarborough, upande wa Agincourt. Nafungua milango asubuhi, napiga deki, nafuta matapishi ya watoto wa grade one. Msinipe pole, kazi naipenda.

Mdogo wangu wa kike, tumwite Anjela, yeye ualimu hakuuacha. Alikwenda Marekani, jimbo moja la kusini, anafundisha grade two. Vitoto vya miaka saba.

Huyu dada alizaliwa kufundisha. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anapanga masufuria mstari anayaita majina ya mahudhurio. Kule aliwafundisha wale watoto wa Kizungu kusema "Shikamoo Mwalimu" kila asubuhi mlangoni. Anawagusa kichwani, "marahaba", halafu wanamkumbatia kiunoni mmoja mmoja ndipo wanaingia. Aliwahi kunitumia video. Niliiangalia kwenye mapumziko nikacheka peke yangu stoo.

Sasa, mwaka juzi shuleni kwangu tulipata lockdown. Si drill ya mazoezi, ya kweli. Spika zikatangaza, milango yote ikafungwa, taa zikazimwa. Mtu alikuwa ameonekana nje na kitu kinachofanana na bunduki.

Mimi nilikuwa korido na ndoo yangu. Kuna kabinti ka grade one kalikuwa kanatoka chooni. Nikakashika mkono tukaingia stoo ya vifaa vya usafi, nikafunga kwa ndani, tukakaa chini katikati ya mafagio.

Dakika arobaini na kitu.

Kale katoto kakaninong'oneza kwa Kiingereza, eti, akija utampiga na nini?

Nikaangalia. Nilikuwa nimeshika mpini wa deki.

Mwishowe polisi walisema ni kijana aliyebeba stendi ya kamera begani. Watu wakacheka, wazazi wakaja, maisha yakaendelea. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani Crescent Town nikamshika binti yangu Upendo mpaka akalalamika nambana. Tangu siku hiyo kila nikifunga mlango wa shule naukagua mara mbili.

Nawaambia hili ili mjue nilikuwa na akili gani Anjela alipopiga simu, kama miezi mitano baadaye.

Shule yake ilikuwa inatafuta walimu wa kujitolea kubeba bastola. Unapewa mafunzo, unaivaa kiunoni chini ya koti siku nzima, na hakuna anayeruhusiwa kujua ni nani na nani wanazo. Si watoto, si wazazi. Mkuu wa shule alikuwa amemwomba yeye binafsi kwa sababu ni mtulivu. Alipewa wiki tatu za kujibu.

"Kaka, mimi sijui," akaniambia. "Nimeona niwaambie nyumbani."

Hapo sasa ndipo ujinga wetu ulipoanzia.

Sisi ukoo wetu una vikao. Si vikao vya kuongea ongea, ni vikao. Kuna mwenyekiti, katibu, ajenda, muhtasari unasomwa na kuthibitishwa. Baba alianzisha utaratibu huo, alipofariki uenyekiti ukaja kwangu. Ndoa, matibabu, mtoto aende shule gani, vyote vinapita kikaoni. Siku hizi tunafanyia kwenye video, Jumamosi saa tatu asubuhi kwangu, saa kumi jioni kwao.

Nikaitisha kikao. Ajenda ya tatu ilikuwa "Suala la Anjela na silaha ya shule." Ajenda ya pili, mkitaka kujua, ilikuwa bati za nyumba ya mama.

Bamdogo alianza. Ni askari magereza mstaafu, akiongea watu wanakaa sawa hata kwenye simu. "Bunduki ni chombo cha kazi kama chaki," akasema. "Mtu akikabidhiwa ni heshima. Mwafrika, mgeni, anaaminiwa na Wazungu! Tukatae ili iweje?"

Mama akasema yeye anachotaka ni mtoto wake arudi nyumbani mzima kila siku, basi.

Mdogo wetu Fidelis, katibu, akasema anaunga mkono waliomtangulia. Fidelis siku zote anaunga mkono waliomtangulia.

Kisha mimi mwenyekiti nikahitimisha. Nikawapa stori ya stoo, nikawapa na ya JKT, kwamba nilishika silaha miezi ile yote nikarudi mtu yule yule. Nikasema, "Anje, mimi nilikaa pale na mpini wa deki. Usije ukakaa na mpini wa deki."

Nilijiona nimeongea vizuri sana. Mama alikuwa analia.

Tukaafikiana. Fidelis akaandika. Tukarudi kwenye mengineyo.

Anjela alipata mafunzo likizo iliyofuata, shule ilipofunguliwa akaanza kuivaa. Mwanzoni nilikuwa namuuliza, ananijibu "iko salama kaka." Baadaye nikaacha kuuliza. Simu zikawa fupi. Zile video za shikamoo zikakoma, nikadhani yuko bize. Nilikuwa nalala vizuri, wakuu, huo ndio ukweli. Nilijua dada yangu yuko salama.

Mwezi wa saba mwaka huu akaja kututembelea. Alikuwa hajamwona Upendo tangu akiwa na miaka mitatu. Sasa ana sita, Kiswahili anasikia ila anajibu Kiingereza, mnawajua watoto wa huku. Wiki nzima alikuwa anafanya mazoezi ya "Shikamoo shangazi" mbele ya kioo.

Nilimpokea Anjela airport. Lile joto la Julai unatoa jasho ukiwa umekaa, na yeye kavaa koti. Nikamtania kwamba huku baridi inaanza mwezi wa kumi. Akatabasamu kidogo.

Tukapanda lifti. Mlango unafunguka tu, Upendo huyo, anakimbia koridoni mikono wazi.

Anjela aligeuka ubavu. Kiuno cha kulia akakificha ukutani, mkono wa kushoto akaunyoosha mbele, kiganja wazi. Akasema, "Stop!"

Si kwa sauti ya shangazi. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake.

Upendo akasimama pale pale. Akaniangalia mimi. "Baba, what did I do?"

Na Anjela hakuwa na kitu kiunoni, wakuu. Bastola haivuki mpaka hivi hivi. Alikuwa na koti tu.

Alijifungia bafuni muda mrefu. Alipotoka tukakaa balkoni, mke wangu akamchukua Upendo wakaenda dukani kutuachia nafasi. Ndipo akanieleza.

Akasema wiki ya kwanza tu aliambiwa mtoto yeyote asiguse kiuno chake. Akafuta kukumbatiana. Watoto wakawa wanamsalimia kutoka hatua moja nyuma ya mstari alioubandika kwa utepe wa gundi sakafuni. Wanamuuliza, Mwalimu husikii joto na koti? Wanamuuliza wamekosa nini. Hawezi kuwajibu, ni siri. Walimu wenzake nao hawezi kuwaambia.

Akasema akifundisha anahesabu umbali. Nani yuko karibu, nani yuko nyuma yake. Kusoma hadithi wamekaa mkekani aliacha, maana mkekani watoto wanakuegemea.

Halafu mwezi wa tatu, kabinti kamoja kaligombana na wenzake, kakaja mbio kakilia, kakamdaka kwa nyuma.

"Kaka, mkono ulienda wenyewe," akasema. "Hata sikufikiri. Nilipogeuka nikaona ni yeye, mkono wangu uko kwenye koti. Umeishika."

Hakuitoa. Hakuna aliyeona. Katoto kenyewe hakakujua, kalikuwa kanalia tu kanataka kubembelezwa.

"Ana miaka saba," akasema. Akarudia mara tatu nne hivi.

Kesho yake aliirudisha. Akamaliza mwaka wa shule bila silaha, akidhani atarudi kama zamani. Hakurudi, mmeona wenyewe kwa Upendo. Mwezi wa sita akaandika barua ya kuacha kazi. Ualimu ameuacha kabisa, hataki hata kukaa chumba kimoja na watoto.

Mimi nikaleta ubishi, nadhani kwa uchungu. Nikamwambia, "Anje, si ungekataa? Kikaoni ungesema tu hutaki."

Akaniangalia.

"Kwenye ajenda ya ngapi, kaka?"

Siku ya pili nikatafuta muhtasari wa kile kikao kwenye simu. Fidelis ni katibu mzuri, haachi kitu. Maneno ya Bamdogo yapo, ya mama yapo, yangu nusu ukurasa. Jina la Anjela liko sehemu moja tu, kwenye waliohudhuria, namba nne. Na mstari wa mwisho wa ajenda ya tatu: "Mhusika aliwashukuru wajumbe."

Nilifundisha darasani miaka tisa, nikiuliza swali namtafuta yule aliyenyamaza nyuma. Kwa dada yangu sikumtafuta.

Sasa nisiwadanganye, niliahidi ukweli. Ukinirudisha leo kwenye ile stoo na kale katoto, bado nitatamani mtu mwenye bunduki awe upande wetu wa mlango. Hofu ile haijaisha. Najua gharama yake sasa, na bado naitamani. Hapo ndipo ninapokosa raha kabisa, sioni pa kutokea.

Bamdogo keshapata habari kwamba kazi imeachwa. Anataka kikao Jumamosi hii, "tumjadili Anjela na mustakabali wake." Nilimtumia Anjela taarifa. Akajibu kwa ujumbe: "Naomba safari hii nisiwe ajenda." Nimekiahirisha. Bamdogo hajanipigia tena.

Aliondoka juzi. Tulimsindikiza mpaka kwenye lifti. Upendo alisimama hatua moja nyuma, mikono kaibana ubavuni, akasema "Shikamoo shangazi" vizuri kabisa, bila kukosea.

"Marahaba, mama," Anjela akajibu kwa mbali. Hakuna aliyemwambia mtoto asimame pale. Kajifunza mwenyewe.

Basi wakuu, yangu ndiyo hayo. Funzo sina la maana sana. Nimejifunza tu kwamba tulimpa dada yangu kitu cha kulinda watoto, na kikamtoa kwa watoto.

Nipeni maoni, hata matusi nitayasoma, nina mapumziko saa sita. Mnaotaka walimu wabebe silaha na msiotaka, wote karibuni. Ila kama kwenu kuna mwalimu, kabla hujaandika hapa, nenda kamuulize yeye kwanza, halafu unyamaze umsikilize.

Mimi sikumuuliza.