Kofia Ngumu Moja, Safari ya Wamaza

Kwenye kituo cha pikipiki hapa Kasongo, dereva wangu alikuwa akiwaonyesha wenzake video: mtu anaruka kutoka kwenye ndege, kamera imefungwa juu ya kofia yake ngumu. Kabla ya kuruka alikagua mikanda mara tatu, kisha akapapasa parachuti ya akiba.

“Huyu muzungu iko na woga mingi,” dereva akacheka.

Halafu akavua kofia yake ngumu, akaizungushia simu kitambaa, akaitia ndani ya kofia na kuifunga kwenye usukani.

“Na kichwa chako?” nikamuuliza.

“Papa, simu iko mupya, na njia ya Wamaza iko mubaya.”

Nilikuwa nimengoja usafiri wa kwenda Wamaza tangu asubuhi; hata kubishana kulinichosha. Nikapanda. Tulisafiri watatu, na aliyevaa kofia alikuwa simu.