Mahindi ya Msaada

Kila mji ninaohamia, harufu ya mahindi makavu yakichemka hunirudisha kwenye kibanda chetu nje ya Griftu.

Bibi yangu, tuliyemwita Ayeeyo, alikuwa amebakiza meno machache, nayo yalimuuma. Mbuzi walipokuwa hai hakujali, maana aliishi kwa maziwa. Kisha ukame ukawamaliza, yakaja mahindi ya msaada. Mama aliyatwanga, akayachemsha kutwa, bado yalikuwa magumu. Daktari wa meno alikuwa mbali, Garissa, na nauli ya lori tungeipata tu kwa kuuza mbuzi, nao walikuwa wamekufa.

Mama alimwekea sahani.

“Nimefunga,” Ayeeyo akasema.

“Hooyo,” Mama akamwambia mama yake, “jana pia ulifunga. Na jioni utafungua kwa chai tupu tena?”

“Kwani wewe unamhesabia Mungu siku?” Akanisogezea sahani. “Mpe huyu. Meno yake mapya yanataka kazi.”

Nilicheka, nikatafuna kwa kelele ili ayasikie meno yangu. Ayeeyo alitabasamu, midomo imefumbwa. Akawa anautazama mdomo wangu, na taya zake, bila tonge, zikisogea taratibu pamoja na zangu.