Siku Darasa Lilipommalizia Baba Maneno

Harufu ya mafuta ya karafuu bado hunirudisha nyumbani. Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ya Bagamoyo ilinuka hivyo, kwani kila jioni Mama alimchua Baba mkono na shavu vilivyolegea baada ya kiharusi.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, nami nilikuwa mwanafunzi wake, kidato cha pili. Kiharusi hakikumnyang'anya maneno yote. Kilimwachia mianzo tu. Alianza "ma..." akakwama, macho yakihangaika, nami nikakimbilia maji. Mkuu wa shule alituahidi kwamba nafasi yake ingemngoja hadi shule zifunguliwe. Asipoweza, angeletwa mwalimu mwingine.

Basi alijiandaa kwa somo alilolipenda kuliko yote: jinsi miisho ya vitenzi vya Kiingereza ilivyopotea. Kama hukuwahi kufundishwa, usijali, ni jambo rahisi. Zamani kitenzi cha Kiingereza kilibadilika mkia kumfuata mtendaji. Wewe ulikuwa na -est yako, yeye alikuwa na -eth, na wengi walikuwa na -en. Karne zikapita, ndimi zikaimeza mikia hiyo kidogo kidogo, maana mtendaji alikwisha kutajwa mbele na msikilizaji hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ile -eth ilisukumwa nje na -s iliyotoka kaskazini mwa nchi yao, na hiyo -s ndiyo iliyobaki, peke yake.

Siku ya kufungua shule Baba alipanda bajaji, shati limenyooshwa vizuri. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

"Mara..."

"Habaaa!" akamalizia Mwajuma kutoka nyuma. Tukacheka, na Baba naye akatabasamu kwa upande mmoja.

Unawajua walimu wetu. Mwalimu hutaja nusu ya neno, akanyamaza, na darasa likalimalizia kwa sauti. Baba akashika chaki kwa mkono wa kushoto.

"Mtendaji yuko mbe..."

"Leee!"

"Mwisho uka... ukapo..."

"Teaaa!"

Kipindi kizima kilikwenda hivyo. Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Salum, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Mbona mzee wako yuko fiti? Si walisema haongei?" Nikavimba kichwa. Niliporudi nyumbani nilimtangazia Mama kwamba Baba amepona.

Baba mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, hajavua viatu. Kesho yake hakutaka kuamka.

"Baba Zuhura," Mama akamsihi, "watoto si wamekuelewa? Zuhura kaniambia yote."

Akatikisa kichwa. "Wao," alisema. "Wao." Neno hilo alilitoa zima. Hakurudi shuleni tena, na mwezi haukuisha kabla mwalimu mgeni hajaletwa.

Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Niliona amekata tamaa siku ile ile aliyoshinda. Leo nami ni mwalimu, na kila ninapowaachia wanafunzi nusu ya neno, nusu ya pili ninayo tayari mdomoni. Baba hakuwa nayo. Alisimama mbele yetu, chaki mkononi, akingoja aambiwe neno linaishiaje, nasi tukamjibu kwa furaha, tukidhani anatuuliza.