Mkata Nguo Anayekumbuka Viuno vya Zamani

Ni saa mbili asubuhi. Katika chumba cha ushirika wa mafundi cherehani, Mtaa wa Swahili, Kariakoo, Theopista Mosha anatandaza kitambaa cha kijivu mezani. Anakinyoosha kwa viganja, anachora kwa chaki bila kutazama karatasi yoyote, kisha anashika mkasi.

"Dada Theo, ngoja!" Evarista, fundi mwenzake, anaacha cherehani na kuudaka mkasi. "Suti ya nani hiyo?"

"Ya Mzee Seifu muuza mkaa. Kiuno arobaini."

"Mzee Seifu alikuwa hapa jana. Umempima mwenyewe. Thelathini na nne."

Theopista anacheka kama mtu anayetaniwa. "Mzee Seifu na lile tumbo lake?"

"Tumbo lilikwenda na sukari iliyoadimika madukani, dada. Nani ana tumbo mwaka huu wa themanini na nne?"

Chumba kizima kinacheka, isipokuwa mafundi wawili walioketi dirishani. Hao wanatazamana.

Theopista ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Kibosho, na amekata nguo hapa kwa miaka kumi na saba. Hakuwahi kuandika kipimo. "Nilimpima mtu mara moja, basi, anakaa kichwani," anasema. "Wenzangu walikuwa na madaftari. Nilikuwa nikiwacheka."

Vipimo vyote alivyochukua kabla ya Machi mwaka jana bado anavyo. Vya baada ya hapo havikai hata nusu siku.

Machi ile alianza kwa homa na kichwa kuuma. Siku ya tatu alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, akapiga kelele, "Moto!" Mafundi wote wakakimbilia barabarani. Moto haukuwapo. Jioni alimwita mumewe, Tarsis, kwa jina la kaka yake marehemu. Usiku ule akashikwa na degedege, akapelekwa hospitali kubwa jirani na Upanga. Alilala huko wiki tano.

Daktari aliyemtibu, Jitendra Vyas, hasemi kwa uhakika. "Ninashuku tu," anasema. "Hatuna kipimo cha kuthibitisha. Lakini homa, ile harufu, na kumbukumbu iliyokatika vinaelekeza kwenye kirusi kile kile kinacholeta vidonda vya homa mdomoni. Wengi wetu tunacho tangu utotoni. Kimelala. Kwa mtu mmoja katika maelfu mengi, kinapanda ubongoni."

Anaongeza kwamba kati ya wagonjwa kumi wanaokosa dawa, saba hufa. Dawa mpya ipo Ulaya, hapa haijafika. "Kwa nini yeye na si mimi? Sijui. Alikipata lini, kwa nani? Hakuna anayeweza kusema."

Theopista aliporudi kazini, nchi nzima ilikuwa ikiwasaka walanguzi. Wiki ya pili zikapotea yadi kumi na mbili za kaki. Ufunguo wa kabati la vitambaa ulikuwa kwake. Akaulizwa, akasema hajui. Akapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaa, akasema vile vile.

"Walinitazama kama mwizi," anasema. "Nami nikajishuku. Ukiwa hukumbuki, utakataaje?"

Baada ya miezi miwili kaki ilipatikana ndani ya gunia chini ya meza, imekatwa yote kwa mkono wake mwenyewe: kaptula za shule moja iliyoagiza mwaka 1979. Vipimo havikukosewa hata inchi moja.

Wizi ukafutika, lakini likabaki neno la pili: anajifanya. "Mtu asahau asubuhi, akumbuke kiuno cha miaka mitano iliyopita?" anauliza fundi mmoja wa dirishani. "Ugonjwa gani huo unaochagua?" Wengine wakaogopa kuambukizwa, na kikombe cha Theopista kikatengwa na vya wenzake. Malipo yake, yaliyokuwa shilingi mia tisa kwa mwezi, yakapunguzwa nusu.

Ana mpango wake. Mteja akishapimwa, namba zichorwe kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, na fundi mmoja aketi kando yake azisome mpaka amalize kukata. "Mikono yangu haijaugua," anasema. "Natamani niwafundishe kukata wasichana wanaokuja. Mkasi ninao bado."

Jumamosi wanachama wanakutana kuamua kama atabaki kwenye meza ya kukatia au atoke.

"Mpango wa Ndugu Theopista mmeusikia," anasema mwenyekiti, Benjamini. "Nani ataketi naye?"

Anatafuta mkono ulioinuliwa, kisha anaweka kalamu chini.

"Pasipo mtu, ndugu zangu, hakuna mpango. Nani, basi, anayesema anajifanya? Asimame atuambie."

Evarista anasimama. Hata wale wa dirishani wanageuka.

"Neno hilo lilianza kwangu," anasema. Anamgeukia Theopista. "Dada, kabla hujaugua nilikuwa na kidonda mdomoni. Nililowesha ncha ya uzi kwa ulimi, nikautunga sindanoni, nikakupa. Nawe ukaukata kwa meno, kama tunavyofanya siku zote. Halafu mumeo akaja kutueleza alivyosema daktari kuhusu vidonda vya mdomo."

"Daktari anasema haijulikani," Tarsis anasema kutoka mlangoni.

"Najua, shemeji. Lakini mimi silali." Evarista anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilitaka uwe mwongo, dada. Ungekuwa mwongo, mimi nisingekuwa nimekufanya lolote. Mwenyekiti, andika jina langu. Nitaketi naye mimi."